Wasomaji Wanauliza: Namba ya mstari mpya itoke wapi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu kitu kimoja: safu ya id inayojiongeza yenyewe kila mstari mpya unapoingia kwenye jedwali. Tumechagua sita. Pale ambapo hatukutaja kanzidata nyingine, mifano ni ya MySQL na MariaDB, kwa sababu ndizo wasomaji wetu wengi wanazokutana nazo kwenye seva za kukodi. Jedwali la mfano ni hili:

CREATE TABLE wateja (
  id BIGINT UNSIGNED NOT NULL AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
  jina VARCHAR(120) NOT NULL,
  simu VARCHAR(20) NOT NULL UNIQUE,
  tarehe DATETIME NOT NULL DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP
);

Mhariri, habari za kazi. Nikiandika INSERT INTO wateja VALUES ('Asha', '07XXXXXXXX') naambiwa idadi ya safu hailingani na thamani. Nikianza na 1 na kumalizia na tarehe, inakubali mara ya kwanza tu. Ya pili inagoma. Id si inajiongeza yenyewe? — Msomaji, Dodoma

Inajiongeza, ila umeinyima nafasi. Usipotaja majina ya safu, kanzidata inadai thamani ya kila safu, kwa mpangilio uleule wa jedwali, na id imo. Jedwali lina safu nne, wewe umetoa thamani mbili. Hilo ndilo kosa namba 1136. Ulipoweka 1 kwa mkono uliiamuru itumie 1, ikatii. Mara ya pili 1 ilikuwa na mwenyewe, ukapata kosa 1062 la ufunguo kurudiwa.

Taja safu unazojaza, na id usiiguse kabisa:

INSERT INTO wateja (jina, simu) VALUES ('Asha', '07XXXXXXXX');

Utaona watu wengine wanaitaja id kisha wanaipa NULL, DEFAULT au hata 0. Katika MySQL zote tatu huzaa namba mpya (0 huacha kufanya hivyo ukiwasha hali ya NO_AUTO_VALUE_ON_ZERO). PostgreSQL haina huruma hiyo: NULL inakataliwa, na kwenye safu ya SERIAL (inayojiongeza huko), 0 inaingia kama 0 kweli. Kuiacha id nje ya orodha kunafanya kazi kila mahali, na ndiyo sababu tunakushauri uzoee hivyo. Kutaja safu kuna faida ya pili: siku mtu atakapoongeza safu ya barua pepe yenye thamani ya msingi (DEFAULT), amri zako za zamani hazitavunjika.

Kuna sura mbili nyingine za tatizo hili. Ya kwanza ni fomu ya wavuti yenye kisanduku kilichofichwa cha id, ambayo hutuma maandishi matupu, yaani ''. Hayo si NULL. MySQL kuanzia 5.7 iko katika hali kali (strict mode) tangu unapoisakinisha, na itakukatalia kwamba hiyo si namba.

Ya pili ni ujumbe kwamba safu ya id haina thamani ya msingi, kosa 1364, ilhali unakumbuka vizuri kuwa uliweka AUTO_INCREMENT. Endesha SHOW CREATE TABLE wateja. Uone kama bado ipo. Mara nyingi imepotea wakati wa kuhamisha: faili linalotolewa na phpMyAdmin huweka funguo na AUTO_INCREMENT mwishoni kabisa, katika amri za ALTER TABLE. Faili likikatika katikati kwa kuzidi ukubwa au muda, majedwali na data vinabaki bila ufunguo wowote. Rudisha kwa mpangilio huu, kwa sababu safu inayojiongeza lazima iwe na ufunguo kwanza:

ALTER TABLE wateja ADD PRIMARY KEY (id);
ALTER TABLE wateja MODIFY id BIGINT UNSIGNED NOT NULL AUTO_INCREMENT;

Amri ya kwanza ikilalamika kuwa 0 imerudiwa, maana yake kuna mistari iliyoingia jedwali likiwa bila ufunguo. Ipe namba zake kwanza. Halafu kagua majedwali mengine yote, maana faili lililokatika haliachi jedwali moja tu pabaya.

Nina jedwali la oda na jingine la bidhaa za oda. Baada ya kuingiza oda nahitaji id yake ili niingize bidhaa. Natumia SELECT MAX(id) FROM oda na kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri. Mwenzangu anasema nitaumia. — Msomaji, Nakuru

Mwenzako yuko sahihi. Kwenye kompyuta yako uko peke yako. Dukani kuna mashine mbili: ya kwanza inaingiza oda 310, ya pili inaingiza 311, kisha ya kwanza inauliza MAX na kujibiwa 311. Unga na sukari za mteja mmoja zinaandikwa kwenye oda ya mwingine, na hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye skrini. Kosa la namna hii hugunduliwa mteja anapogombana na keshia.

Kanzidata hukumbuka namba ya mwisho iliyotoa kwa kila muunganisho. Iulize kupitia muunganisho uleule ulioingiza:

START TRANSACTION;
INSERT INTO oda (mteja_id) VALUES (57);
SET @oda = LAST_INSERT_ID();
INSERT INTO oda_bidhaa (oda_id, bidhaa_id, idadi) VALUES (@oda, 12, 3);
INSERT INTO oda_bidhaa (oda_id, bidhaa_id, idadi) VALUES (@oda, 40, 1);
COMMIT;

Mashine ya pili ikiingiza oda elfu moja katikati, LAST_INSERT_ID() yako haitikisiki. Lakini tazama kwa nini tumeihifadhi katika @oda badala ya kuiita tena kwenye mstari wa bidhaa ya pili. Kama oda_bidhaa nayo ina id inayojiongeza, bidhaa ya kwanza ikishaingia, LAST_INSERT_ID() inakuwa namba ya bidhaa hiyo. Ukiwa na ufunguo wa kigeni (kanuni kwamba oda_id lazima iwe id iliyopo kwenye oda) kuna uwezekano mkubwa wa kupata kosa 1452, na hiyo ni bahati. Usipokuwa nao, bidhaa ya pili inapotelea kwenye oda isiyojulikana.

Katika PHP tumia lastInsertId() ya PDO au insert_id ya mysqli. Katika Python ni lastrowid ya kasa (cursor). Ichukue mara tu baada ya INSERT, kabla ya commit: ukiiomba baada ya commit, PDO na MySQL hukupa 0. Utapata 0 pia kama kila kitendakazi chako kinafungua muunganisho wake kipya, jambo ambalo wanaoanza hulifanya sana. Na ukiingiza mistari mingi kwa INSERT moja, unapewa namba ya mstari wa kwanza, si wa mwisho.

PostgreSQL ina njia iliyo safi zaidi: INSERT INTO oda (mteja_id) VALUES (57) RETURNING id, namba inarudi na amri yenyewe. MariaDB imeipata RETURNING kuanzia 10.5 na SQLite kuanzia 3.35; MySQL haina. Kwa SQL Server tumia OUTPUT inserted.id au SCOPE_IDENTITY(). Iepuke @@IDENTITY: kama jedwali la oda lina triga (amri inayojiendesha yenyewe mstari unapoingia) inayoandika kwenye jedwali la kumbukumbu, utapewa id ya kumbukumbu.

Namba za risiti zetu ni id ya jedwali. Kutoka 1042 imeruka hadi 1045. Mkaguzi anataka kujua 1043 na 1044 ziko wapi, na bosi ameanza kuwaangalia wauzaji kwa jicho baya. Nani kazifuta? — Msomaji, Mwanza

Huenda hakuna aliyefuta. Safu inayojiongeza inafanya kazi kama mashine ya namba za foleni benki: ukivuta karatasi kisha ukaondoka, anayefuata hapewi karatasi yako. Namba hutolewa kabla mstari haujathibitishwa, na muamala (kundi la amri linalothibitishwa kwa pamoja) ukifutwa kwa ROLLBACK namba hairudi. Imefanywa hivyo makusudi. Vinginevyo kila muuzaji angesubiri wa kabla yake amalize ndipo apewe namba.

Katika MySQL mapengo hutoka sehemu nyingi. INSERT iliyogongana na safu ya UNIQUE (isiyoruhusu thamani kurudiwa) hula namba. INSERT IGNORE hula hata pale isipoingiza chochote. Inayokula zaidi ni INSERT … ON DUPLICATE KEY UPDATE: ukisawazisha bidhaa 5,000 kila usiku na zote tayari zipo, hujaongeza mstari hata mmoja lakini kihesabu kimesogea kwa maelfu. Na INSERT … SELECT huchukua namba kwa mafungu yanayoongezeka maradufu, kisha zinazobaki zinatupwa. SQL Server ikizimika ghafla inaweza kuruka kwa 1,000 kwenye safu ya INT. PostgreSQL ikianguka inaweza kuruka hadi namba 32.

Kuna jambo la kinyume ambalo ni baya kuliko pengo. MySQL 5.7 na za nyuma yake zilikiweka kihesabu cha InnoDB (injini ya kawaida ya kuhifadhi majedwali) kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukifuta mstari wa mwisho, 1045, kisha seva ikawashwa upya, kihesabu kilitafutwa kwa kutazama namba kubwa iliyopo, na 1045 ikatolewa tena kwa mtu mwingine. Kuanzia 8.0 kihesabu kinahifadhiwa kwenye diski. Kama bado mko 5.7 na mnahamishia risiti za zamani kwenye jedwali la nyaraka kisha kuzifuta, risiti mbili zenye namba moja zinawezekana kabisa.

Kwa hiyo id iachwe ifanye kazi yake ya kuutambulisha mstari ndani ya kanzidata, na risiti ipewe safu yake ya namba, yenye UNIQUE, inayohesabiwa na jedwali dogo:

CREATE TABLE vihesabu (
  aina VARCHAR(20) PRIMARY KEY,
  ya_mwisho BIGINT UNSIGNED NOT NULL
) ENGINE=InnoDB;
INSERT INTO vihesabu (aina, ya_mwisho) VALUES ('risiti', 1045);

Kila mauzo:

START TRANSACTION;
(ingiza oda, punguza stoo, na mengine yote)
UPDATE vihesabu SET ya_mwisho = LAST_INSERT_ID(ya_mwisho + 1) WHERE aina = 'risiti';
SET @namba = LAST_INSERT_ID();
INSERT INTO risiti (namba, mteja_id, kiasi) VALUES (@namba, 57, 25000);
COMMIT;

UPDATE inaufunga mstari wa 'risiti' hadi COMMIT. Muamala ukishindikana, kihesabu nacho kinarudi nyuma, na pengo halitokei. Gharama yake ni foleni: wauzaji wote wanapita mlango mmoja. Ndiyo maana tumeiweka UPDATE mwishoni, baada ya kazi nzito. Usiiweke mwanzoni kisha ukasubiri majibu ya malipo ya simu ndani ya muamala huohuo. Wengine watangoja hadi sekunde 50, kiwango cha kawaida cha InnoDB, kisha wataanza kupata makosa. Risiti iliyokosewa usiifute kwa DELETE. Ongeza safu ya hali na uiandike 'imebatilishwa', ili mkaguzi aikute.

Kuhusu 1043 na 1044: kama jedwali halina kumbukumbu za kufuta lakini seva ina binlog (mafaili yanayorekodi kila badiliko la data), zitafute humo. Mstari ulioingia ukathibitishwa kisha ukafutwa huacha alama pale, mradi mafaili hayo hayajafutwa kwa umri. INSERT iliyofutwa na ROLLBACK kwenye InnoDB haiachi. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea bosi kabla hajamfukuza mtu.

Tumehamia PostgreSQL. Data yote imeingia na id zake za zamani, wateja 8,200. Sasa kila nikisajili mteja mpya naambiwa ufunguo 1 upo, nikijaribu tena ufunguo 2 upo, na kuendelea. — Msomaji, Unguja

Ukiendelea kujaribu, baada ya mara 8,200 itakubali. Kila jaribio linasogeza kihesabu hatua moja, na ndiyo sababu watu wenye majedwali madogo hudhani tatizo "limejiponya".

Kihesabu cha PostgreSQL ni kitu kinachojitegemea, nje ya jedwali. Ukiingiza mstari ukiwa umeiandika id mwenyewe, kihesabu hakiarifiwi. (MySQL hukisogeza chenyewe, kwa hiyo wanaotoka huko hawalitarajii hili.) Kilinganishe na namba kubwa iliyopo:

SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wateja', 'id'), (SELECT MAX(id) FROM wateja));

Fanya hivyo kwa kila jedwali lililohamishwa, wakati programu imezimwa, na mteja anayefuata atapata 8201 ikiwa namba yenu kubwa ni 8200.

Mkitengeneza majedwali mapya, acheni SERIAL. Tangu toleo la 10 kuna id BIGINT GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY, ambayo inamkatalia mtu kuweka id kwa mkono. Siku ya kuhamisha data, pale mnapotaka kweli kuweka namba za zamani, mnaandika OVERRIDING SYSTEM VALUE kabla ya VALUES. Setval bado itahitajika baadaye. SQL Server ina utaratibu wa kufanana: SET IDENTITY_INSERT wateja ON, kutaja safu zote kwenye INSERT, kisha OFF. Huwezi kuwasha kwa majedwali mawili kwa wakati mmoja katika kikao kimoja, hivyo usiisahau OFF.

Namba za zamani zihifadhiwe tu ikiwa majedwali mengine yanazitegemea. Kwa orodha ya kawaida iliyotoka Excel, zifute kwenye faili na uache kanzidata igawe mpya: COPY wateja (jina, simu) FROM … kwa PostgreSQL, au LOAD DATA … INTO TABLE wateja … IGNORE 1 LINES (jina, simu) kwa MySQL. Na kabla ya kuhifadhi CSV, iweke safu ya simu kuwa maandishi, la sivyo Excel itakata sifuri ya mwanzo.

Natengeneza programu ya Android yenye SQLite. Nimeandika id INT PRIMARY KEY na mistari inaingia, lakini id zote ni tupu! — Msomaji, Kampala

Andika INTEGER kwa ukamilifu. Katika SQLite, INTEGER PRIMARY KEY tu ndiyo inayoungana na namba ya ndani ya mstari na kujijaza. INT PRIMARY KEY ni safu ya kawaida, na kwa sababu za kihistoria SQLite inaruhusu NULL ndani ya ufunguo mkuu wa aina hiyo. Tengeneza jedwali jipya lenye INTEGER, hamishia safu nyingine kwa INSERT INTO … SELECT bila id, futa la zamani, kisha lipe jedwali jipya jina la lile la zamani.

Neno AUTOINCREMENT si lazima. Linafanya kazi moja ya ziada: kuhakikisha namba ya mstari uliofutwa haitolewi tena. Kama programu yako inatuma id hizo kwenye seva, liweke. Kama haitumi, liache. Linaongeza kazi ya kuandika kwenye jedwali la sqlite_sequence bure.

INT inatosha au niweke BIGINT? Na nikimaliza majaribio naanzaje tena kutoka 1? — Msomaji, Arusha

INT yenye alama (inayokubali namba hasi) huishia 2,147,483,647. Duka linaloandika mistari 1,000 kwa siku halitafika hapo hata kwa miaka 5,000. Lakini jedwali la kumbukumbu linalopokea mistari 100 kwa sekunde hupata 8,640,000 kwa siku, na linagota baada ya siku 248 hivi. Novemba 2018 mfumo wa Basecamp ulifikia kikomo hicho kwenye jedwali lake la matukio, na kwa karibu saa 5 wateja waliweza kusoma tu bila kuandika. Tofauti ni baiti 4 dhidi ya 8 kwa kila mstari. Weka BIGINT, na usisahau safu za majedwali mengine zinazoielekea: oda.mteja_id nayo iwe BIGINT UNSIGNED, la sivyo MySQL itakataa ufunguo wa kigeni. Ukikuta INT(11) usidhani ni tarakimu 11. Namba ile ya kwenye mabano haibadilishi kikomo hata kidogo.

MySQL inapofika kikomo haisemi namba zimeisha. Inatoa kosa 1062, ufunguo 2147483647 umerudiwa. Ukiona 127 mahali pake, mtu alitumia TINYINT.

Kuanza upya: TRUNCATE TABLE wateja, inafuta mistari yote na kurudisha kihesabu. Kwa PostgreSQL ongeza RESTART IDENTITY. Ikikataa kwa sababu jedwali la oda linalielekea, basi futa oda za majaribio kwanza, kisha DELETE FROM wateja; na ALTER TABLE wateja AUTO_INCREMENT = 1; usizime ukaguzi wa funguo za kigeni ili kupita njia ya mkato, maana oda zitakazobaki zitaangukia kwa wateja wa kweli watakaopewa namba zilezile. Kama kuna mistari iliyobaki, MySQL itaipuuza 1 na kuanzia namba kubwa iliyopo jumlisha moja.